Kopo la biskuti lenye bruchi 31

Jumamosi, 11 Januari 2025

Leo dukani nimekabidhiwa kopo. Ni duka la hisani ninapojitolea kila Jumamosi hapa Birmingham. Watu huleta nguo, vyombo na vitabu vya marehemu wao, sisi tunapanga na kuuza. Kopo lenyewe ni la biskuti, kifuniko kimeliwa na kutu pembezoni, na ndani pini za kifuani, yaani bruchi, zimeshikamana kama dagaa wa kukaanga. Msimamizi alikuwa tayari kuzimwaga kwenye bakuli la kila kimoja pauni mbili. Mdomo ukaniponza. Nikasema, "Baadhi ya hizi ni fedha, na baadhi zilivaliwa wakati wa vita kuu. Nipe muda." Basi muda nimepewa, na kopo nimepewa.

Nimehesabu: 31. Waingereza huziita "sweetheart", yaani za mpenzi. Askari alipokwenda vitani alimwachia mke, mchumba, mama au dada yake bruchi yenye nembo ya kikosi chake, naye akaibandika kifuani kila atokapo. Mwanzoni ilikuwa starehe ya maofisa, bruchi za dhahabu na almasi kutoka kwa masonara wakubwa wa London. Jeshi lilipopanuka mwaka 1914 na kuchukua vijana wa viwandani na mashambani, viwanda vikatoa za bei ya mtu wa kawaida: fedha, shaba, ganda la chaza, rangi ya enameli. Jina la "mpenzi" linapotosha kidogo, maana nyingi zilivaliwa na akina mama. Kwetu mtu angepeleka kanga yenye jina lililochaguliwa kwa makusudi, na majirani wangesoma. Hapa walisoma kifua.

Mimi si mtaalamu wa majeshi. Ninachokijua ni kugeuza. Bibi yangu kule Ngamiani, Tanga, alikuwa hanunui hereni mpaka azipindue. Uso wa kitu alimwachia muuzaji. Yeye bruchi aliiita bizimu, na kila bizimu aliianzia mgongoni. Kwa hiyo kanuni ya mradi huu ni hiyo: kila pini inapewa namba, inapigwa picha mbili, mbele na nyuma, inapimwa kwa rula na kwa mizani ya jikoni. Hakuna kusafisha chochote mpaka daftari limalizike. (Hili la mwisho nililivunja. Soma mbele.)

Jumamosi, 18 Januari

Nimeanza na taji, maana ndilo linaloonekana upesi. Taji la enzi za wafalme, tangu Edward wa Saba alipotawala mwaka 1901 hadi George wa Sita alipofariki mwaka 1952, lina matao yaliyoinuka kama kuba la msikiti. Taji la enzi za Malkia Elizabeth wa Pili matao yake yamebonyea katikati, kama mto uliolaliwa. Ukishaliona mara moja hulisahau.

Hesabu: 17 zina taji la mfalme, 2 taji la malkia, 12 hazina taji la kifalme kabisa.

Zile 2 za malkia si bandia. Vijana wa Uingereza waliendelea kuitwa jeshini kwa lazima hadi mwaka 1960, na wachumba wao waliendelea kupewa bruchi. Ila si za vita kuu yoyote, na yeyote atakayeziuza kwa jina hilo atakuwa anadanganya au hajatazama taji.

Tatizo ni zile 17. Miaka 50 ni mingi: taji lile lile limepita juu ya vita viwili. Ndipo ninaposhuka chini ya taji na kusoma herufi. Bruchi mbili za wahandisi wa jeshi, namba 3 na namba 15, ukiziweka pamoja ni mapacha. Tazama kwa lenzi, moja ina kifupi cha jina la mfalme chenye V na nyingine chenye VI. George wa Tano alitawala 1910 hadi 1936, George wa Sita 1936 hadi 1952. Fito moja tu ya herufi, na vita vimebadilika.

Vikosi vilivyobadilishwa jina ni zawadi. Namba 9 imeandikwa ARMY SERVICE CORPS. Kikosi hicho cha usafirishaji na chakula kilipewa heshima ya kuitwa "Royal" mwishoni mwa 1918, kwa hiyo bruchi isiyo na neno hilo ni ya kabla ya hapo. Namba 20 ina bunduki mbili kubwa zilizopishana chini ya taji, Machine Gun Corps, kikosi kilichoundwa Oktoba 1915 na kuvunjwa 1922. Kikosi kilichokufa mapema ni rafiki wa mtu anayetafuta tarehe. Vivyo hivyo namba 2, mabawa yenye herufi RFC: jeshi hilo la anga lilianzishwa 1912, na tarehe 1 Aprili 1918 likamezwa na RAF, jeshi la anga la Uingereza la sasa.

Lakini iliyonifurahisha kuliko zote ni ya Wales. Nina mbili, namba 11 na 26, zote zina manyoya matatu ya mwana wa mfalme na utepe chini. Kwenye moja utepe unasema WELSH, kwenye nyingine WELCH. Nilidhani fundi alikosea. Kumbe jeshi lenyewe ndilo lililobadilisha: mwaka 1920 rejimenti hiyo iliruhusiwa rasmi kutumia tahajia ya kale, yenye C. Kwa hiyo yenye S ni ya vita vya kwanza au kabla, yenye C ni ya baada. Nimekaa na lenzi jichoni dakika nzima nikicheka peke yangu kwenye meza ya jikoni.

Onyo nililojiandikia kwa wino mwekundu: Mfalme Charles wa Tatu alipoingia mwaka 2022 alichagua tena taji la kuba. Pini itakayotengenezwa leo inaweza kubeba taji linalofanana na la babu yake. Taji peke yake si ushahidi tena.

Jumapili, 26 Januari

Siku ya migongo.

Namba 7 inastahili kuelezwa polepole. Ni duara la ganda la chaza, upana wa sentimita 3 kasoro kidogo, limezungushiwa ukingo mwembamba wa fedha. Katikati amesimama paa mdogo mwenye mnyororo shingoni, juu ya utepe wa Royal Warwickshire, rejimenti ya hapa hapa. Vijana wa ofisini na madukani wa Birmingham waliojiandikisha pamoja mwaka 1914 walipangwa katika batalioni zake tatu, ya 14, 15 na 16. Ukiligeuza ganda kwenye mwanga wa dirisha, linatoa waridi, kisha kijani, kisha linazima. Paa amelika pua. Mtu alikuwa akimsugua kwa kidole gumba, si kwa kitambaa. Kitambaa hula kote sawasawa, kidole hula mahali pamoja.

Ukingoni nyuma kuna mihuri minne midogo kuliko punje ya mtama. Nilihema juu yake, mvuke ukatanda, na herufi zikajitokeza kabla haujakauka: herufi za mtengenezaji ambazo zimefutika nusu, simba anayetembea, nanga, na r ndogo. Simba ni ahadi kwamba fedha ni sehemu 925 kati ya 1000. Nanga ni alama ya ofisi ya upimaji ya Birmingham, iliyofunguliwa 1773. Birmingham haina bahari, mimi mtu wa Tanga naweza kuthibitisha. Husimuliwa kwamba waliodai ofisi hiyo walikuwa wakikutana London kwenye baa yenye nanga kwenye jina lake, wakaichukua. Herufi ndiyo mwaka. Mzunguko wa Birmingham ulianza na a mwaka 1900 na kuruka j, kwa hiyo r ni 1916, na kwa kuwa herufi ilibadilishwa katikati ya mwaka, inafika hadi kiangazi cha 1917. Bruchi hii ilipimwa wakati mapigano ya mto Somme ama yanaendelea ama ndiyo kwanza yameisha.

Baada ya hapo zilizobaki zilikwenda haraka. Sita za Kiingereza zina mihuri kamili. Moja, mzinga mdogo wa Royal Artillery, ina 9CT, dhahabu ya karati 9, nayo imeondoka kopo moja kwa moja kwenda kwenye kabati la kufuli. Nne zina jina la J.R. Gaunt, mtengenezaji wa beji na vifungo wa Birmingham. Nyingine hazina kitu, shaba tupu iliyochovywa, na kutokuwa na muhuri si kosa: ndizo alizoweza kununua kijana wa mshahara mdogo.

Nikabaki na kikundi kinachosema neno moja tu, STERLING, bila simba, bila nanga, bila herufi ya mwaka. Hizo, kwa nembo zake, hazikuzaliwa hapa. Ni za Kimarekani. Mwaka 1942 serikali ya Marekani ilibana matumizi ya shaba, bati na nikeli kwa ajili ya silaha, na viwanda vya mapambo ya bei nafuu vikahamia kwenye fedha, wakati mwingine fedha iliyopigwa maji ya dhahabu juu. Hivyo ukikuta pambo la mtindo wa bei rahisi lakini ni fedha halisi, vita vyenyewe vimekutajia miaka yake. Na imesadifu leo ni 26 Januari: tarehe kama hii mwaka 1942 askari wa kwanza wa Kimarekani walishuka Belfast. Ninazo tano. Nitarudi kwao.

Kitu kimoja kuhusu pini zenyewe. Za zamani zaidi zina ndoana wazi tu, kama herufi C, na ncha ya sindano mara nyingi inapita ukingo wa bruchi. Zile zenye kifungo kidogo kinachozunguka na kufunga sindano ndani ni za baadaye. Ila usiweke kichwa chako rehani kwa pini. Pini ndiyo hukatika kwanza na kubadilishwa.

Jumamosi, 8 Februari

Nimeharibu kitu.

Namba 12 ilikuwa duara la chaza kama namba 7, nembo ya shaba iliyochovywa dhahabu katikati, nyeusi kwa uchafu. Nilisikia habari ya maji ya moto, magadi na karatasi ya alumini: fedha nyeusi inarudi nyeupe bila kusuguliwa. Kwa sufuria ya fedha tupu ni kweli. Mimi nikalitumbukiza duara zima. Dakika mbili baadaye nembo ikaachia na kuzama chini ya bakuli, kwa sababu gundi ya miaka mia haipendi maji ya moto, na ganda likatoka limefifia, waridi na kijani vimekwenda, limebaki na rangi ya ukucha. Dhahabu ya juu nayo imepungua upande mmoja.

Nilimwambia msimamizi mwenyewe kabla hajaniuliza. Alisema, "Ni pini ya pauni mbili." Ndivyo alivyojua tangu mwanzo, na ndilo lililoniuma.

Kwa atakayefuata: ganda, enameli na kilichochovywa havioshwi. Brashi laini ya rangi, kavu. Kitambaa chenye unyevu kidogo mgongoni tu, kama unatafuta muhuri. Weusi kwenye mashimo ya nembo uache, ndio unaofanya nembo isomeke, na mnunuzi anayejua anaupenda.

Jumamosi, 15 Februari

Nimechukua kumi zenye utata hadi mtaa wa masonara, mwendo wa dakika ishirini kutoka katikati ya jiji. Mtaa mzima ni vito: milango myembamba, ngazi, sauti ya nyundo ndogo juu. Kuna karakana moja ya Vyse Street iliyofungwa mwaka 1981, wenyewe walipostaafu wakaacha zana mezani na vikombe vya chai rafuni, na sasa ni makumbusho. Lakini mimi nilikuwa na miadi na mzee mmoja juu ya duka la pete, Mhindi wa Mombasa, amefika huku kijana. Niliposema "Shikamoo mzee" aliweka koleo chini.

"Marahaba, mwanangu. Wa wapi wewe?"

"Tanga."

"Ah, jirani. Kaa. Leta hizo takataka zako."

Alizipanga kifudifudi bila kuangalia mbele hata moja. Nikamkumbuka bibi.

Namba 5 na 18 alizisukuma pembeni papo hapo. "Hizi za kofia." Akanionyesha: beji ya kofia huwa na ulimi wa shaba au masikio mawili mgongoni ya kuishikilia kitambaani. Hapa ulimi umekatwa, makovu mawili yamepigwa tupa, na sindano imeunganishwa kwa lehemu juu yake. Na ukubwa pia unasema, sentimita 4 na nusu, wakati bruchi halisi ya mke ni nusu ya hiyo. Nikauliza kama basi ni za kutupwa. "Kwa nini? Labda mume mwenyewe ndiye aliyekata, usiku, kwa tupa ya kazini. Andika tu kilichofanyika. Usiandike kilichofanywa kiwandani." Nimeandika.

Namba 22 alipitisha ukucha mgongoni. "Umesikia?" Ilikwaruza. Bruchi ya kweli ya wakati ule hupigwa kwa chapa ya chuma, bamba jembamba likaingia kwenye umbo, hivyo mgongo wake ni laini na una bonde pale mbele penye kilima. Namba 22 ilimiminwa: mgongo bapa, vitundu vya mapovu kama uji uliopoa, na sura ya simba imevimba kama aliyeng'atwa na nyuki. Imenakiliwa kutoka bruchi nyingine, na kila nakala hupoteza makali. Hiyo ndiyo bandia pekee kwenye kopo.

Kisha akashika namba 23.

Nilikuwa nimeiandika "sarafu, simba, nchi haijulikani" kwa sababu uso wake ulikuwa na ukoko wa kijani na sikuthubutu kuugusa baada ya yaliyotokea. Yeye alichukua kijiti cha mti, akaukwangua ukoko kidogo kidogo kama anayetoa tandu la ubwabwa bila kuharibu sufuria. Simba akasimama mbele ya milima. EAST AFRICA. ONE SHILLING. 1942.

"Hii nilipewa sikukuu," alisema. "Si hii. Lakini hii."

Tuligeuza. Kichwa cha George wa Sita, na sindano imelehemiwa shingoni kwake, ndoana karibu na paji la uso. Kwenye nafasi tupu nyuma ya kichwa mtu amechora kwa ncha kali, herufi zimepinda moja moja: MOMBASA 1943. Herufi ya S ya Mombasa imeandikwa mara mbili, ya kwanza iliteleza.

Alinyamaza muda, kisha akaniuliza kama ninataka chai.

Jumapili, 16 Februari

Sikulala vizuri kwa sababu ya namba 23, na najua kwa nini: nilitaka iwe ya Keya, askari wa Kiafrika wa jeshi la Uingereza. Nilishaanza kumtunga askari wa King's African Rifles, safari ya Burma na divisheni ya 11 mwaka 1944, mke amebaki Kigoma. Lakini pini hii imetoka kwenye kopo la Birmingham. Aliyeivaa alikuwa huku. Na Mombasa ya 1942 na 1943 ilijaa Waingereza, kwani meli za kivita za Uingereza za Bahari ya Hindi zilihamishiwa Kilindini mwaka 1942, Wajapani walipoishambulia Ceylon (Sri Lanka ya leo). Baharia mwenye shilingi moja, sindano, na jioni ndefu bandarini anatosha kabisa. Fundi gereji wa melini angeweza kuilehemu kabla ya chakula cha usiku.

Wake wa Keya walipata nini, ni swali jingine, na jibu lake halimo kwenye kopo hili. Wala wake wa wale wapagazi wa vita vya kwanza waliobeba mizigo ya Waingereza na kufa kwa maelfu, ambao kumbukumbu yao kubwa ni jina la soko: Carrier Corps ikawa Kariakoo. Hakuna aliyewatengenezea bruchi. Nimeliandika hili hapa kwa sababu nimelifikiria siku nzima, halafu nimerudi kwenye kazi.

Jumamosi, 8 Machi

Kumi la kwanza la Ramadhani, nimefunga, na leo ilikuwa zamu ya plastiki na Wamarekani.

Wamarekani kwanza. Moja ni mabawa yenye panga za ndege katikati, alama ya jeshi lao la anga la wakati ule. Moja nanga yenye USN, jeshi lao la majini. Moja moyo wa chaza wenye tai, unafunguka, ndani nafasi mbili za picha, tupu zote. Moja ni pini ndogo mno, nyota ya buluu kwenye uwanja mweupe wenye ukingo mwekundu. Hiyo ilitokana na bendera ya dirishani iliyobuniwa mwaka 1917 na Robert Queisser, kapteni wa Ohio aliyekuwa na wanawe wawili jeshini: nyota ya buluu kwa kila mtoto aliye jeshini, na akifa, ya dhahabu inachukua nafasi yake. Nimeitazama sana kwa lenzi nikitafuta dhahabu. Ni buluu.

Ya tano ina nyota nyeupe kwenye duara la buluu, na katikati ya nyota kitone chekundu. Kitone hicho kilikuwa kwenye ndege za Marekani hadi Mei 1942, kikaondolewa kwa sababu rubani aliye kasini angeweza kukidhania jua jekundu la Wajapani na kumpiga mwenzake. Kiwanda kinachopaka alama mpya hakipaki kitone kilichopigwa marufuku, kwa hiyo mchoro huu ni wa kabla au wa karibu sana na hapo.

Plastiki zilikuwa mbili. Namba 28, herufi V nyekundu nzito, ya ushindi, na chini yake nukta tatu na mstari, ndivyo V inavyogongwa kwa Morse; kampeni ya alama hiyo ilipamba moto mwaka 1941 kupitia BBC. Niliisugua kwa kidole gumba mpaka ikapata moto, nikainusa: harufu kali ya dawa ya maabara. Ni bakelaiti. Plastiki ya kisasa hainuki hivyo.

Namba 30 ni kifungo cha picha, kijana aliyevaa kofia ya kijeshi, ana masikio makubwa, anajaribu kutocheka. Niliisugua ukingo. Kafuri. Nilirudisha pua mara mbili nisiamini. Seluloidi, plastiki ya zamani iliyotumika kutengeneza vitu hivi, ilichanganywa na kafuri ili iwe laini, nayo haijatoka hata sasa. Mtu yeyote wa Pwani anajua harufu ile inatoka chumba gani na siku gani. Nikaiweka chini, nikaenda kunawa mikono, na nimeifunga kwenye karatasi peke yake. Hilo la pili si ushirikina: plastiki hiyo inashika moto kwa urahisi na ikizeeka hutoa mvuke unaokula metali za jirani. Msiijaribu kwa sindano ya moto kama wengine wanavyoshauri.

Imebaki Mizpah, namba 14: mioyo miwili ya fedha na neno hilo, Mispa la kitabu cha Mwanzo, pale Labani na Yakobo wanapoagana na kumwomba Mungu awaangalie wakiwa mbali. Kila muuzaji huiita ya vita vya kwanza. Wengi waliivaa wakati huo, kweli. Lakini hii haina kikosi, na herufi yake ya mwaka ni ya miaka ya 1890. Ni bruchi ya kuagana, basi. Huenda ilivaliwa tena mwaka 1914, lakini mgongo hausemi hivyo, nami sitausemea.

Jumamosi, 29 Machi

Daftari limefungwa, kesho au keshokutwa Idi. Kati ya 31: zenye mwaka au kipindi kisichobishaniwa ni 19. Za enzi za malkia 2, za kofia 2, bandia 1, moja niliyoiua mwenyewe, na Mizpah inayojitegemea. Tano zilizosalia ni za mfalme asiyejulikana ni yupi, shaba bila herufi, na lebo zake zinasema hivyo hivyo: kati ya 1901 na 1952.

Msimamizi amesoma lebo zote amesimama. Namba 7 itauzwa kwa mnada. Ile ya 12 ameniambia niichukue; nimegandisha nembo mahali pake kwa gundi inayoweza kubanduliwa, na iko kwenye droo yangu kama kovu.

Namba 23 nimeinunua kwa bei niliyoipanga mimi, baada ya mzee wa mtaa wa masonara kuniambia kwa simu bei ambayo angelipa yeye, na tukazidisha kidogo ili pasiwe na neno. Lebo yake nimeiandika kwa Kiswahili, maana haikai tena dukani:

"Bruchi ya mkono. Shilingi ya Afrika Mashariki, 1942, robo yake fedha. Nyuma imechongwa MOMBASA 1943, herufi ya S imerudiwa. Lehemu ya asili. Ndoana imelegea, isivaliwe kwenye hariri."